Kivuli Katika Taya la Mkwe

Mtu akizama vizuri, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni ukimya, halafu majani. Ukiingia kwa njia ya Kiti, mashine inayomlaza msomaji na kumtia ndani ya picha ya eksirei, mfupa wa taya ni uwanda wa majani meupe yanayokufika magotini. Upepo hakuna, lakini majani yanacheza kidogo, kwa kuwa mwenye taya alikuwa anapumua wakati picha inapigwa. Juu, mahali pa mawingu, inaning'inia mizizi ya meno, minene kuliko nguzo za kanisa, na msomaji hupita chini yake polepole akiinua uso.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kuinua uso. Mzizi mzima umevikwa weupe mpaka kwenye ncha. Mzizi ulioshikwa na uvimbe, mfupa wake umeanza kuliwa, na pale kwenye ncha panakuwa na kivuli. Msomaji akiamka, Kiti kinamwuliza swali moja, naye anajibu ama "safi" ama "kivuli". Hakuna jibu la tatu. Waliokitengeneza waliamini kwamba mtu aliye nusu usingizini hana muda wa kudanganya. Nadhani walikuwa bado hawajaoa wala kuolewa.

Tusekile alikuwa msomaji katika Nyumba ya Vivuli pale Tukuyu, na asubuhi hiyo ya mvua alikuwa amezama katika taya la mtu asiyemjua. Majina ya wagonjwa hayaonyeshwi. Alichoambiwa ni kwamba mtu huyo anasubiri vali ya moyo. Siku hizo vali zilikuzwa kutokana na nyama ya mgonjwa mwenyewe, ndani ya mitungi ya maji ya uvuguvugu, na vali ikishaiva haisubiri, kama ndizi. Lakini kabla ya kuwekewa, lazima kinywa kiwe kisafi. Usaha mdogo uliojificha chini ya jino, usiomwuma hata mwenyewe, unaweza kuingia kwenye damu, ukaenda kukaa juu ya vali mpya, na mtu akafa na moyo uliotengenezwa juzi.

Alipita chini ya magego bila kuona kitu. Alipofika kwenye gego dogo la kushoto, akasimama. Jino lilikuwa na ufa ulioshuka kimshazari, na juu ya ufa kulikuwa na kiraka cha chuma cha zamani. Ufa ule Tusekile alikuwa anaujua. Hakuwahi kuuona. Aliusikia.

Ilikuwa siku ya harusi yake, ameketi kafunikwa gubigubi. Baba wa bwana harusi, akitaka kuwaonyesha wageni kwamba uzee bado, alifungua chupa ya soda kwa meno. Chini ya kitenge Tusekile alisikia kitu kikilia ka, kisha kicheko cha ukumbi mzima, kisha kicheko cha mzee mwenyewe, kirefu kuliko vyote. Tangu hapo hakuna sikukuu iliyopita bila hadithi ya soda ile kusimuliwa, na jino likitajwa lilipo.

Sasa, katika nyumba nyingi za Rungwe watu walishaacha, lakini nyumba ya kina Gwamaka, mume wa Tusekile, haikuacha: mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Mzee akija njiani, mke wa mwanawe anatoka njiani na kuinamisha uso mpaka apite. Hamwiti, hamjibu, jina lake halitamki. Na kwa kuwa Tusekile halitamki, nasi tumwite Mzee tu, tusimtie mtoto wa watu matatani. Yeye alimjua kwa kikohozi, kwa fimbo ikigonga sakafu ya baraza, na kwa kicheko. Alimpenda hivyo hivyo, kwa masikio.

Na sasa alikuwa amesimama ndani ya mfupa wake.

Mwili wake haukumngoja afikiri. Aliinama, akatoka njiani, akakaza macho kwenye vidole vya miguu yake, akalimaliza taya lote lililobaki hivyo, mbio mbio, uso ukimwaka kwa aibu. Pembeni mwa jicho aliona giza limeanguka juu ya majani, karibu na lile jino. Mahali hapo kila mtu ana tundu dogo linalopitisha neva, na tundu hilo hutoa kivuli chake chenyewe, kwa hiyo huenda lilikuwa hilo. Hakuinua uso kuhakikisha.

Kiti kilipomwuliza, ulimi ulijibu kabla yeye hajaamka sawasawa.

"Safi."

*

Katika Nyumba ya Vivuli chai hainywewi mpaka wasomaji wote wawili wawe wamejibu. Sheria ndivyo ilivyo: kila taya lisomwe na watu wawili, wasisemeshane, wasiangaliane usoni, mpaka majibu yatoke. Sababu yake ni ya zamani. Hata kabla ya Kiti, madaktari walipokuwa wanatazama picha bapa kwenye kioo chenye taa, mmoja aliona uvimbe pale mwenzake alipoona mfupa mzima. Tena daktari yule yule, akirudishiwa picha ile ile mvua zikishakatika, aliweza kujipinga mwenyewe bila kujua. Picha ya eksirei haisemi uongo, ila haisemi yote. Mfupa unaweza kuliwa kwa ndani muda mrefu kabla kivuli hakijajitokeza. Ndiyo maana wakataka macho mawili, kila moja peke yake.

Na macho mawili ya Tukuyu yalikuwa na sifa. Ukutani kulikuwa na ngao ya wizara, kwa kuwa Tusekile na Mama Leokadia Komba walikubaliana kuliko wasomaji wengine wote wa kusini. Mama Leokadia alikuwa mwanamke wa Songea, mjane, mpole, mwenye miwani miwili na yote humpotea. Ndiye aliyemfundisha Tusekile kazi.

Taa ya kijani iliwaka juu ya mlango. Wamekubaliana.

Tusekile aliitazama taa ile. Alikuwa nje kwenye ukumbi wakati mwenzake amezama, akijipa moyo: Mama Leokadia ataona. Kama kuna kitu, yeye ataona, taa itakuwa nyekundu, picha itarudiwa, na hakuna atakayejua kitu. Alimngoja mtu mmoja amwokoe, na mtu huyo amesema safi.

"Mama," alisema, vikombe vikiwa vimeshamiminwa, "lile jino lenye ufa uliliangalia vizuri?"

"Niliangalia yote, mwanangu. Kunywa chai, inapoa."

"Mimi sikuangalia."

Mama Leokadia akaacha kukoroga.

"Kuanzia pale mpaka mwisho wa taya sikuinua uso. Nimesema safi kwa mdomo tu. Nami najua giza lilikuwepo, liwe tundu la neva au lisiwe. Wewe, Mama, unayesimama chini ya kila tundu la neva mpaka tunakuona umechelewa, leo umetoka mara moja. Uliona nini?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama Leokadia alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena, na bado hakumtazama.

"Majani yamelala," alisema. "Nikizama, sioni kitu, ukungu tu. Lakini chini naona pale ulipopita, majani yamelala. Ukisimama sana chini ya mzizi, yanalala zaidi, nami najua hapo pana jambo. Leo hukusimama popote."

"Kiti si kinafutwa kabla hujaingia?"

"Mwenye kufuta ni mimi."

Tusekile akaweka kikombe chini.

"Tangu nimzike mzee Komba, ndoto zimenikimbia," alisema Mama Leokadia. "Nikadhani zitarudi. Huku nangoja, nikawa nafuata nyayo zako. Sikuona kama ni uongo, Tusekile. Niliyaamini macho yako kuliko yangu. Nilikufundisha mwenyewe."

Hapo ndipo Tusekile alipoielewa ngao ile ya ukutani. Macho mawili yaliyosifiwa kusini nzima yalikuwa jicho moja, na leo jicho hilo moja lilitazama vidole vya miguu. Alimhurumia yule mama, na wakati huo huo alimkasirikia, akaviweka vidole chini ya mapaja.

"Ni taya la nani?" aliuliza Mama Leokadia, aliyekuwa mjinga wa vitu vingi lakini si wa watu.

"La baba yake Gwamaka."

Kisha mama akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "Meno mengi yenye ufa ni mazima, mwanangu. Tukisema, hospitali itasimamisha kila kitu. Vali yake imeshaiva. Itaharibika mtungini, na ya pili haiwezi kukua kabla moyo wake haujachoka. Tukinyamaza, huenda hakuna kitu."

"Na kama kipo?"

Mama Leokadia aliisukuma chai pembeni. Alisimama, akaenda kwenye dirisha. Aliporudi alikuwa mwalimu tena.

"Kuna mlango mmoja," alisema. "Apigwe picha nyingine leo hii, mashine isogezwe pembeni kidogo. Kivuli kikihama na kuuacha mzizi, ni tundu la neva. Kikiung'ang'ania mzizi, ni ugonjwa. Jicho la pili nitaliomba Njombe, wanaweza kutusaidia picha moja. La kwanza liwe lako, maana hapa Tukuyu hakuna jingine. Lakini wewe ni ndugu. Sheria inamruhusu ndugu kusoma kama mgonjwa ameambiwa yote na akaridhia, na lazima aambiwe na msomaji mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Mama, mimi siongei naye. Sijawahi."

"Najua," alisema Mama Leokadia. "Nami naipigia simu wizara sasa hivi, niwaambie habari za majani. Kwa hiyo kila mmoja ana kwake pa kwenda."

*

Gwamaka alidhani hajasikia vizuri.

"Uongee na baba? Wewe?"

Alipoelezwa, hakuuliza tena. Alitoa shuka kabatini, akaifunga kwenye nguzo mbili za baraza, akaivuta mpaka ikafika chini. Kisha akamleta Mzee upande wa pili, akamketisha. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani hadi kwenye migomba ya uani, na ulimwengu wote ulikuwa umebaki baraza ile tu. Tusekile aliketi akiipa shuka mgongo.

"Baba," alisema.

Neno hilo alikuwa amelisema mara nyingi juu yake. Hajawahi kulisema kwake. Fimbo ikaacha kugonga sakafu.

"Gwamaka, huyo ni nani?"

"Ni mama watoto, baba. Ana neno na wewe, na hakuna mwingine anayeweza kulisema."

Pumzi nzito za mzee zilisikika nyuma ya shuka.

"Haya," alisema Mzee.

"Leo asubuhi nililetewa picha ya taya, nikazama. Lilikuwa lako."

"Majina si yanafichwa? Ulijuaje?"

"Soda, baba."

Kicheko kilianza mbali, kikapanda, kikageuka kikohozi, na Gwamaka akawa anampigapiga mgongo. Tusekile alikuwa analia tayari na hakujua tangu lini.

"Kwa hiyo umeingia kinywani mwangu," alisema Mzee alipopata pumzi.

"Nimeingia."

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu. Niliinama. Halafu nikasema uko safi."

"Uliniheshimu."

"Nilikuheshimu, baba, na heshima hiyo inaweza kukuua. Mwenzangu naye hakuona. Hakuna aliyelitazama jino lako." Akamweleza yote, vali, picha ya pili, sheria, bila kujipamba na bila kumficha Mama Leokadia. Alipomaliza akaongeza, "Ukikataa, sitazama. Nitaipigia hospitali nao wasimamishe."

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akijua nani ampishe nani njiani, na mtu wa namna hiyo haharakishwi.

"Huko ndani ukiinua uso, unaniona mimi?"

"Sijui, baba. Hakuna uso. Kuna mizizi, na chini yake majani."

"Majani gani?"

"Meupe. Yanafika magotini. Ukipumua yanacheza."

"Bado yanacheza?"

"Yanacheza."

Fimbo ikagonga sakafu tena.

"Basi inua uso, mwanangu," alisema. "Nimeridhia mimi mwenyewe, kwa kinywa hicho hicho. Ndaga, asante, kwa kuja kuniambia." Kisha akamwambia Gwamaka amletee koti, maana hospitali kuna baridi.

*

Mama Leokadia alikifuta Kiti mbele yake, kwa mikono miwili, kama anayeosha sahani ya mgeni. Wizara ilishajibu. Taya hili likishasomwa, Kiti kitafungwa kwa lakiri, na kila aliyewahi kusomewa Tukuyu ataitwa kupigwa picha upya. Tusekile atahojiwa naye kwa "safi" ile ya asubuhi. Alisikia yote hayo, akalala chali, akafumba macho.

Ukimya. Kisha majani, yamesimama wima, hayana hata unyayo mmoja.

Alitembea. Ulikuwa uwanda ule ule umegeuzwa kidogo, kama chumba unachokijua ambacho mtu amehamisha kitanda. Alipoukaribia ufa, shingo ilianza kuinama yenyewe. Aliisikia inainama. Akasimama katikati ya majani ya baba mkwe wake, yanayopanda na kushuka kwa pumzi zake, akakumbuka sauti nyuma ya shuka, akainua uso.

Tundu la neva lilikuwepo. Lilikuwa limehama mbali na mzizi, jeusi, tulivu, la mviringo, halina ugomvi na mtu. Alitaka kumshukuru Mungu na kuondoka. Lakini alikuwa amefundishwa na Mama Leokadia enzi za macho yake, na Mama Leokadia alimfundisha asiondoke na furaha. Akabaki anatazama ncha ya mzizi wenyewe. Weupe ule haukufika mwisho. Kwenye ncha palikuwa na giza jepesi, dogo, kama doa la chai kwenye kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Alizunguka upande wa pili. Giza lilibaki pale pale. Asubuhi vivuli viwili vilikuwa vimelaliana kama kimoja, na kikubwa kilikificha kidogo.

"Kivuli," alisema, na safari hii alikuwa macho kabisa.

Jibu la Njombe lilichukua muda kufika. Taa juu ya mlango ikawaka nyekundu. Njombe wamesema safi.

Tusekile aliketi kitako. Mama Leokadia alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanateremka chini ya miwani, na usoni ana furaha ya ajabu.

"Mmetofautiana," alisema. "Sijaiona taa hiyo siku nyingi. Mmetofautiana kihalali, mwanangu, kila mtu na jicho lake."

"Sasa tunafanya nini?"

"Wasomaji wakitofautiana, mwenye jino ndiye anayeamua. Nenda ukamwambie."

Jino lilipong'olewa baadaye mchana, kwenye ncha yake kilining'inia kifuko cha usaha kidogo kuliko punje ya mchele, na Njombe wenyewe wakaomba warudishiwe picha waitazame upya. Vali nayo ilimkuta Mzee kabla haijaharibika. Lakini hayo yalikuwa bado. Tusekile alipokuwa anatembea kwenye ule ukumbi alikuwa na doa la chai tu, na mtu wa Njombe mwenye macho mazuri ameapa kwamba doa hilo halipo.

Alifika kwenye chumba cha kungojea na kusimama, maana hapakuwa na shuka. Hakuna aliyekumbuka shuka. Gwamaka alikuwa ameegemea dirisha. Na Mzee, mgonjwa wa moyo, ambaye watu wote wa mtaa wake walimpisha njiani, alikuwa ameshageuza kiti chake, amekaa ameelekea ukutani, koti limefungwa mpaka shingoni, fimbo magotini.

"Baba," alisema Tusekile. "Mimi nimesema lipo. Mwenzangu wa Njombe amesema halipo. Yeye ni msomaji mzuri."

"Ningekuwa mzee mwingine, usiyemjua, ungesemaje?"

Alijiuliza kwa haki, akitafuta kama ni hofu yake au ni jicho lake.

"Ningesema lipo."

"Basi ling'oeni," Mzee aliuambia ukuta. "Limenitia aibu kwenye harusi, linatosha."

Gwamaka alicheka kwanza. Tusekile alipaswa kupita hapo kwenda kumwita daktari, na njia pekee ilikuwa nyuma ya kile kiti. Alisita. Mzee alimsikia anasita, akayafunika macho yake kwa kiganja, akauinamisha uso wake mpaka kidevu kikagusa koti.

"Pita, mwanangu," alisema.

Tusekile akapita wima.